Kofrefori ya chuma kutoka toli moja: namna ya kuijenga nyumbani

Hapa Lubumbashi dola yenye mpasuko mdogo pembeni haipokelewi sokoni. Muuzaji anaiinua kwenye jua, anaigeuza, anakurudishia bila neno. Sasa fikiria dola zilizolala miaka miwili chini ya godoro, au ndani ya sanduku ambalo mchwa wameshaligundua. Mama mmoja wa mtaa wa Katuba aliniletea bahasha yenye karatasi za parseli yake (kiwanja chake), zimeliwa upande mmoja hadi kwenye mhuri. Akasema, "Fundi, ile imeisha. Nifanyie kitu ambacho haitaliwa tena."

Kitu hicho ndicho hiki: kofrefori, au sefu kama wanavyosema Dar na Nairobi. Nitaeleza ile ninayoijenga mimi, yenye nafasi ya ndani ya sm 60 kwenda juu, sm 45 upana na sm 45 kina. Inatoka kwenye toli moja (bamba la chuma) ya mm 6, na ikikamilika inakaribia kilo 90. Anayejua kusudiri (kuchomelea) atahitaji kama wikiendi tatu. Kama hujawahi kushika bageti (kijiti cha kuchomelea), tafuta fundi akuchomelee wewe ukikata na kupima. Mshono wa sanduku hili si wa kujifunzia.

Kabla ya kununua chochote, mfikirie mwizi. Mwizi wa mtaani haji na vifaa vya sinema. Anakuja na mtaimbo, nyundo na wenzake wawili. Atatafuta upenyo wa kuingiza ncha ya mtaimbo, atapiga bawaba, na akishindwa atabeba sanduku zima akalifungulie kwake. Unene wa chuma haumshughulishi sana. Nimeona kofre ya mm 10 iliyofunguliwa kwa sababu mlango ulikuwa na nafasi ya kidole pembeni.

Kununua toli

Omba toli nyeusi ya mm 6, yenye mita 2 kwa mita 1. Usichukue iliyopakwa zinki. Kisha ipime, maana toli ya mm 5 huuzwa kwa jina la mm 6 kila siku, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kama huna kipimo cha unene, tumia mizani ya magunia. Chuma cha kawaida kina kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Toli yako ikiwa kweli ni ya mm 6 itafika kilo 94. Ikiwa ya mm 5 haitafika 79. Muuzaji akikataa kuipandisha kwenye mizani, umeshapata jibu.

Pamoja nayo nunua chuma cha mviringo cha mm 20 (mita moja inatosha), mita moja ya bomba la maji la robo tatu inchi, kipande cha bati la mm 3, bawaba mbili nzito za kuchomelea, kitasa cha ufunguo cha kufungia kwa ndani, na bageti za 6013: za mm 2.5 za kushikizia, za mm 3.2 za kujazia. Kwa gereji za malori omba kipande cha bamba la springi. Mji wenye malori mengi ya madini kama huu wetu haukosi springi iliyovunjika.

Kuhusu mabaki ya chuma ya migodini: ni kigumu kweli, lakini kama muuzaji hawezi kukuonyesha kimetoka wapi, kiache. Itakuwa ajabu kutengeneza sanduku la kuzuia wizi kwa mali ya wizi.

Kukata

Chora toli yote kwa chaki kabla ya kukata hata kipande kimoja. Kwa urefu wa mita 2 gawanya safu mbili za sm 45 na utepe mmoja wa sm 10. Safu ya kwanza inatoa vipande vitatu vya sm 60: mgongo na mbavu mbili. Safu ya pili inatoa mlango wa sm 60, kisha dari na sakafu za sm 45 kila moja. Kwenye safu hiyo kinabaki kipande cha sm 50 kwa 45. Hicho ni bamba la ndani ya mlango. Utepe wa sm 10 upasue katikati upate tepe mbili za fremu. Na kile kipande cha sm 20 kilichobaki kwenye safu ya kwanza kitatoa sahani ya kuzungushia makomeo. Karibu hakuna kinachotupwa.

Ukiweza, peleka toli kwenye karakana yenye mashine kubwa ya kukatia. Mikato ni safi na chuma hakipotei. Kwa meleze (mashine ya mkono ya kusagia na kukatia chuma), kila mkato unakula mm 2 hadi 3, kwa hiyo tepe zako zitakuwa kama sm 4.5 badala ya 5. Hakuna shida, mradi mbavu mbili zilingane na mgongo. Ziweke tatu pamoja, zisimamishe mezani, pitisha kidole juu. Kidole kinaona kuliko rula.

Usitoe kile kifuniko cha meleze ili disko kubwa liingie. Nawajua mafundi watatu wanaofanya hivyo, na mmoja ana vidole vinane.

Sanduku

Usipandishe kipande juu ya kingine. Viache vikutane kona kwa kona, ncha ya ndani ikigusa ncha ya ndani. Hapo kwa nje kunabaki mfereji wa pembe wa kujaza kwa bageti, na vipimo vya ndani vinabaki vilevile ulivyokata: 60, 45, 45.

Anza kwa kulaza mgongo chini. Simamisha ubavu, weka pembemraba, shikiza kwa nukta tatu za bageti ya mm 2.5. Ubavu wa pili vivyo hivyo, kisha dari na sakafu. Sasa pima kutoka kona hadi kona ya upande wa pili kwenye mdomo wa sanduku, halafu kona zile nyingine. Namba mbili zikitofautiana zaidi ya mm 2, kata nukta, sukuma, shikiza upya. Kosa hili ukilisahihisha sasa ni kazi ya dakika kumi. Ukiliacha, mlango utakukumbusha.

Kuchomelea kwenyewe kunataka subira. Chuma kikipata moto upande mmoja kinajikunja, na ukijaza mshono mzima kwa mkupuo sanduku linageuka kama mkate uliochacha. Chomelea sm 4, hamia kona ya upande wa pili, chomelea sm 4, rudi. Kwa bageti ya mm 3.2 mimi naanzia ampea 110 na kupandisha kidogo kama chuma hakiyeyuki vizuri. Gonga magamba, piga brashi, angalia kila kipande cha mshono kabla ya kufunika na kingine. Tobo dogo lililofichwa chini ya mshono mzuri ni tobo tu.

Umeme wa hapa unajulikana. Jioni kila mtu akiwasha jiko, nguvu inashuka na posti (mashine ya kuchomelea) inaanza kutema mate badala ya kuchoma. Mimi nachomelea alfajiri au usiku wa manane. Majirani wa parseli wamezoea. Kioo cha kofia kiwe cha namba 10 au 11, na watoto wawe mbali kabisa. Mtoto akitazama mwanga ule, macho yatamuuma usiku kama yamejaa mchanga.

Fremu na mlango

Tepe zako zinaingia ndani ya mdomo wa sanduku, zimelala bapa kuutazama mlango, mm 6 nyuma ya ukingo. Mlango ukifungwa unaegemea juu yake na uso wake unakuwa sawasawa na ukingo wa sanduku. Hakuna mdomo wa mlango unaojitokeza kwa nje, na mtaimbo hauna pa kuanzia. Punguza mlango hadi sm 59.4 kwa 44.4 ili ubaki upenyo wa mm 3 kila upande. Weka vipande vya bati la mm 3 pande zote nne kama kabari wakati wa kuchomelea bawaba, uvitoe ukimaliza.

Bamba la ndani lipunguze hadi sm 48 kwa 33, ili lipite kwenye uwazi wa fremu bila kugusa. Litoboe matobo manane ya mm 12, liweke mgongoni mwa mlango katikati, lijaze matobo hayo kwa bageti, kisha ongeza mishono mifupi pembeni. Yote kwa ndani. Uso wa mlango hauguswi, na sasa mlango una mm 12 za chuma mahali panapohusika.

Bawaba zinabaki nje, na watu huniuliza kila mara, "Yaya (kaka), mwizi akizikata?" Akizikata mlango haufunguki, kwa sababu makomeo yanaingia pande zote mbili, kushoto na kulia. Hili nililijifunza vibaya. Kofre yangu ya kwanza niliiwekea makomeo yanayotembea upande wa kitasa tu. Upande wa bawaba nikachomelea vyuma vitatu visivyotembea, viingie nyuma ya fremu vyenyewe mlango ukifungwa. Kwenye karatasi ilikuwa akili sana. Nikabeba mlango, nikauweka kwenye bawaba, nikasukuma: ukagonga fremu na kubaki wazi sm 10. Mlango haurudi moja kwa moja, unazunguka, na chuma kirefu hakiwezi kuzunguka kupita fremu pana. Nilivikata vyote vitatu huku mwenye kofre amekaa kwenye kiti cha plastiki akiniangalia.

Makomeo

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe.

Kata vyuma sita vya mm 20, kila kimoja sm 10. Vitatu vya kushoto, vitatu vya kulia. Kila kimoja kinapita ndani ya kipande cha bomba la robo tatu inchi chenye sm 4, kilichochomelewa nyuma ya bamba la ndani. Bomba hilo lina tundu la karibu mm 21.6, kwa hiyo chuma kinateleza bila kuyumba sana. Bomba likiwa na zinki, isage yote kwanza na ufanye kazi nje. Moshi wa zinki inayoungua unaleta homa na kutetemeka, na maziwa wanayosifia mafundi wa zamani hayazuii chochote.

Vile vitatu vya upande mmoja viunganishe kwa kipande cha utepe uliobaki, ili vitembee pamoja kama meno ya chanuo. Sasa ile sahani: kata duara la sm 10, toboa katikati kwa ajili ya chuma cha mm 20 kinachotokea mbele ya mlango kwenye mpini. Toboa matobo mawili yanayotazamana, kila moja mm 30 kutoka katikati. Kutoka kila tobo mkono mfupi wa chuma bapa unaenda kwenye chanuo lake, umefungwa kwa bolti inayoweza kuzunguka.

Ukizungusha mpini robo duara, machanuo yote mawili yanasogea zaidi kidogo ya mm 30 kwenda nje. Na kuna zawadi ndani yake. Makomeo yakiwa nje kabisa, matobo mawili na katikati ya sahani vinakaa kwenye mstari mmoja na mikono. Mtu akisukuma komeo kurudi ndani kwa nguvu, nguvu hiyo inaelekea katikati ya sahani na haiizungushi. Chomelea kizuizi kidogo pale sahani inapofika kwenye mstari huo, isipite.

Ukifunga utasikia mlango unacheza kama mm 3, kwa sababu ukuta wa bomba unaliinua komeo kutoka kwenye bamba. Chomelea kipande cha lile bati la mm 3 nyuma ya fremu pale kila komeo linapofikia, na saga ncha za makomeo zilale kidogo. Zitaingia zikiuvuta mlango kwenye fremu. Ile sauti ya mwisho, nzito na fupi, ndiyo mteja analipia.

Mpini usiuchomelee kwenye chuma chake. Ufunge kwa bolti ndogo ya mm 6. Mwizi akiupiga nyundo au kuuning'inia, bolti inakatika na mpini unabaki mkononi mwake. Ndani hakuna kilichosogea.

Kitasa

Kazi ya kitasa ni moja, kuzuia sahani isizunguke. Uzito wa mlango na makomeo usikiguse kabisa. Kifunge kwa bolti, ili siku kikiharibika ukibadilishe.

Kati ya kitasa na bamba ndipo panapoingia chuma cha springi ya lori. Ni kigumu, drili ya kawaida inateleza juu yake na kuungua ncha. Lakini ugumu huo unaondoka kikipata moto mwingi, na ukikichomelea kwa bageti ya kawaida kinapasuka kando ya mshono. Kwa hiyo kikate polepole kwa disko jembamba ukipoza kwa maji, vipande viwili, vipange kandokando ukiacha kati yake upenyo wa ufunguo tu. Vishikilie kwa vibanio vidogo vilivyochomelewa kwenye bamba, si kwenye springi yenyewe.

Aliye na bunduki ya kuwindia yenye kibali anaweza kufuata njia hiihii kwa sanduku refu, kwa kawaida sm 140 au 150, lakini atahitaji toli mbili na chanuo lenye makomeo matano kila upande. Risasi zikae kwenye sanduku lingine lenye ufunguo wake.

Moto

Sitakudanganya. Chuma kitupu hakilindi karatasi dhidi ya moto, kinageuka oveni. Unachoweza kufanya ni kupanga ndani tabaka mbili za ubao wa jasi, ule wa dari. Jasi imebeba maji ndani yake, kama sehemu moja ya tano ya uzito, na moto lazima uyachemshe maji hayo kwanza. Unapata muda, na unapoteza kama sm 2.5 za nafasi kila upande uliopangwa. Karatasi ziweke pia kwenye kisanduku kidogo cha bati humo ndani.

Rangi na sakafu

Saga mishono, futa mafuta, paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili na ya juu mara moja. Usifute kwa vile vimiminika vya kusafishia breki kama bado utachomelea. Baadhi vikipata mwali wa bageti vinatoa gesi ya sumu. Acha mlango wazi wiki nzima kabla ya kuweka kitu, la sivyo dola zako zitanuka rangi. Wiki hiyo mlango uzuiwe kwa waya ubaki wazi, usiweze kujibana. Mtoto wa miaka minne anaenea humo ndani, na hewa haiingii.

Kofre isiyofungwa sakafuni ni mzigo uliofungashwa vizuri kwa ajili ya mwizi. Kilo 90 ni watu wawili na mkokoteni. Toboa sakafu yake matobo manne, iweke kwenye kona ya chumba ili pande mbili zilindwe na ukuta, na uifunge kwa bolti za kupanuka za mm 12 zinazoingia angalau sm 8 kwenye zege. Mtaimbo usipate pa kuingia nyuma, kwa hiyo isukume hadi iguse ukuta.

Nyumba nyingi za mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi zina saruji nyembamba juu ya udongo, na bolti zitatoka nayo. Hapo chimba shimo la sm 60 kwa 60, kina sm 30, weka nondo, mimina zege. Hilo peke yake ni zaidi ya kilo 250. Ngoja siku saba kabla ya kutoboa. Kati ya zege na chuma tandika nailoni nzito, maana kuanzia Novemba unyevu unapanda kutoka chini na kutu huanzia mahali usipopaona.

Kabla ya kufunga mara ya kwanza

Mlango ukiwa wazi, toa makomeo nje, funga ufunguo, fungua, yarudishe. Mara thelathini. Kama kuna bolti inayolegea, italegea sasa, ukiwa unaiona. Kisha ufunge kweli, huku ndani hakuna kitu na ufunguo wa pili uko mfukoni mwako. Baadaye ufunguo huo ukae nyumba nyingine kabisa.

Matone machache ya mafuta ya cherehani kwenye makomeo kila mwanzo wa kiangazi yanatosha. Usiweke grisi: vumbi jekundu la hapa likikutana nayo linakuwa udongo wa kufyatulia matofali.

Na usimwambie mtu unajenga nini. Wiki tatu za meleze uani hazifichiki, kwa hiyo andaa jibu mapema. Mimi majirani niliwaambia natengeneza tanuri ya mkate, na kwa kweli kabla ya kuwekwa kitasa inafanana nayo sana. Mama wa parseli ya pili bado ananiuliza mkate unaanza lini.